Gololi Itembee, Kiti Kisitembee

Ukimwona mtu wa makamo anasukuma barabarani kiti cheupe cha plastiki chenye magurudumu, kiti kitupu, halafu mfukoni mwa shati kuna kitu kinang'aa, usidhani ametoroka hospitali. Huyo ni Gololi, anakwenda kazini.

Ana jina alilopewa na wazazi wake, lakini ukilitaja mtaani kwetu utaulizwa, "Nani huyo?" Sema Gololi, na hata mtoto wa chekechea atakuonyesha mlango wake. Ni fundi wa vigae. Magoti yake yamekomaa kama nyayo kwa kupiga magoti miaka thelathini. Na mfukoni, mahali ambapo wengine huweka kalamu, hukaa gololi moja ya kioo yenye mshipa wa kijani ndani.

Historia ya gololi hiyo si ya kujivunia. Alipokuwa fundi mpya aliweka sakafu ya bafu kwa mwenye duka moja la viatu, akaikabidhi, akasifiwa, akaondoka. Baada ya wiki mbili akaitwa. Alimkuta mwenye nyumba amesimama mlangoni mwa bafu, mikono kiunoni. Kwenye kona, nyuma ya mlango, maji yalikuwa yametuama, dimbwi la upana wa sinia, na juu yake anaelea bata wa plastiki, wa manjano.

"Nimekuita uje ulishe bata wako," mwenye nyumba akasema.

Watu walicheka mwaka mzima. Fundi hakucheka. Alinunua gololi, na tangu siku ile hakukabidhi sakafu ya bafu bila kuiweka gololi kila kona na kuiachia. Isipofika kwenye tundu la maji yenyewe, bila kusukumwa, anang'oa vigae. "Maji hayalali kwenye sakafu yangu," husema, kwa sauti ambayo wenzake huitumia kutaja watoto wao.

Kiti kilikuja baadaye sana, na kilikuja kwa sababu ya bafu la Mkunga.

Mkunga anakaa nyumba ya nne kutoka kwetu, pamoja na binti yake. Alistaafu zamani, ila cheo chake hakikustaafu; nusu ya mtaa imepita mikononi mwake ikilia. Ana miaka sabini na sita, na hujigamba kwamba amewaogesha watu wengi kuliko mvua. Mwaka jana, asubuhi, akiwa na taulo begani, alijikwaa kwenye kizingiti cha bafu lake mwenyewe akavunjika nyonga.

Kizingiti hicho unakijua. Ni ule ukuta mdogo wa tofali moja, kimo cha shubiri, unaojengwa mlangoni mwa bafu au kuzungushwa chini ya shawa ili maji yasisambae. Karibu kila nyumba inacho, na ukiuliza sababu utaambiwa ndivyo inavyojengwa. Mimi nasema ni uvivu uliovikwa vigae. Mjenzi aliyeshindwa kuyaelekeza maji huyajengea ukuta, kisha ukuta ule humzuia mzee, mjamzito na aliyevunjika mguu, na maji yenyewe bado hupenya. Tunajenga kana kwamba hakuna hata mmoja kati yetu atakayezeeka! Nilipokuwa chuo cha ufundi tulikuwa tukipitishiana majarida ya ujenzi yenye picha za mabafu ya kisasa, sakafu moja iliyonyooka toka mlangoni hadi chini ya shawa, hakuna cha kupanda wala kushuka. Yalionyeshwa kama starehe ya wenye nafasi: taulo nyeupe, ua kwenye chupa. Sikumbuki picha hata moja yenye mzee ndani.

Mkunga alirudi kutoka hospitali na chuma ndani ya nyonga, fremu ya kutembelea, na kiti cha kuogea chenye magurudumu manne madogo. Akili timamu, mikono timamu. Kwa kiti kile aliweza kutoka kitandani hadi mlangoni mwa bafu bila kumwita mtu, akijisukuma kwa mguu mzima. Hapo mlangoni safari ilikuwa inaishia. Kiti hakikuweza kupanda kizingiti, na yeye hakuweza kukiruka. Ikabidi binti yake, mshonaji mwenye cherehani sebuleni, awe anaacha nguo za watu kila asubuhi na kumwogesha.

Binti hakulalamika. Aliyelalamika ni mama.

"Nimeosha vichwa vya mtaa mzima, leo nainuliwa mkono kama shati kwenye kamba!"

"Mama, mimi si mwanao? Aibu ya nini?"

"Nani kasema aibu? Umechukua kazi yangu."

Kisha akapiga simu mwanawe wa kiume, kaka mkubwa wa Mshonaji. Ni daktari wa meno katika mji mwingine. Ni mtu mwema, ila amezoea kuzungumza na watu waliofunguliwa vinywa. Akisema jambo hategemei jibu. Alisema mwisho wa mwezi atakuja kumchukua mama akaishi kwake, ghorofa ya nne, ambako kuna mfanyakazi wa kumwogesha. Mshonaji apumzike.

"Na nikioga peke yangu?" Mkunga akamuuliza. "Mlango umefungwa, mwanzo mpaka mwisho, bila mkono wa mtu?"

"Ukiweza hivyo, Mama, unabaki kwako. Lakini nitakuja nione kwa macho yangu."

"Macho yako yatabaki nje ya mlango, mwanangu."

Wakapatana. Zilikuwa zimebaki wiki nne. Siku hiyo hiyo Mkunga akamwita Gololi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Magoti yanasemaje?"

"Yananung'unika, lakini yanakuja kazini."

"Wewe nilikupokea mimi, unajua? Uliteleza, nusura unitoke mikononi. Nikamwambia mama yako, huyu ana haraka ya kwenda wapi?"

"Ndiyo maana nikaishia kufuatana na maji."

"Haya, nisikilize. Nataka kutoka kitandani kwangu na kiti hiki mpaka chini ya shawa, nisipande wala nisishuke hata unene wa ukucha."

Gololi alichukua penseli akaandika ukutani: *unene wa ukucha*. Hajawahi kuandika vipimo kwenye karatasi. Anasema karatasi huondoka, ukuta hukusubiri.

Kabla ya kuvunja kizingiti, Mkunga aliomba nyundo. Akiwa amekaa kwenye kiti chake aliinama kadiri nyonga ilivyomruhusu, akapiga mara moja. Kikamegeka kipande cha ukubwa wa kidole gumba. "Hilo la nyonga," akasema, akarudisha nyundo. Lililobaki alilimaliza Gololi.

Bafu la namna ile huonekana rahisi likiisha, na hapo ndipo ugumu wake. Maji lazima yawe na pa kwenda, kwa hiyo kama hutaki kuinua ukingo, sharti uishushe sakafu. Gololi alichimba zege la zamani, akashusha bomba la maji machafu, akalaza mfereji mwembamba wa chuma kisichoshika kutu kando ya ukuta wa mwisho, ili sakafu nzima iinamie upande mmoja kama mtu anayesikiliza. Akamwaga zege, akapaka tabaka la mpira wa kuzuia maji mara tatu, akaziba mfereji na kujaza maji yakakaa humo siku mbili. Hayakupungua hata tone. Ndipo akapanga vigae, vikubwa, vyenye uso wa kukwaruza kama ulimi wa paka ili mguu usiteleze. Alipomaliza, ungeweza kusimama kwenye ukumbi wa nyumba na usijue bafu linaanzia wapi.

Siku ya kujaribu majirani walijaa, maana kazi ya Gololi ina watazamaji kama mpira. Akapiga magoti kwenye kona ya mbali, akatoa gololi, akaiachia. Ilikimbia kama mtoto aliyesikia kengele ya kutoka shule. Ting! ikagonga chuma cha mfereji. Kona ya pili, ting! Ya tatu, ya nne. Watu wakapiga makofi. Mshonaji akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa kilichokuwa bado na pini.

"Pisheni," akasema Mkunga. "Gololi imeoga. Zamu yangu."

Akaingia na kiti, nguo zikiwa mwilini, kwa kujaribu tu. Akafika chini ya shawa, akaachia vishikio vya ukutani, akainua mikono miwili kichwani kama mtu anayejipaka povu la sabuni kwenye nywele.

Kiti kikaanza kuondoka.

Kiliondoka taratibu, kwa adabu, kikambeba Mkunga na mikono yake juu mpaka magoti yake yakagusa ukuta. Akabaki pale, amewapa mgongo watu wote.

"Gololi, mwanangu," akasema kwa ukuta. "Umenijengea bafu au umenijengea reli?"

Watu walicheka, halafu wakamwona fundi, wakaacha.

Mshonaji alikuwa wa kwanza kumtafutia njia. "Kuna breki, Mama, hizi hapa kwenye magurudumu ya nyuma." Mkunga alijaribu kujipinda, nyonga ikakataa katikati. "Breki iko nyuma, nyonga yangu inaangalia mbele," akasema. Jirani mmoja akadai kosa ni la kiti, atafutiwe kisicho na magurudumu. Lakini bila magurudumu asingefika bafuni peke yake, na mkataba ulikuwa peke yake. Mwingine akasema sakafu haina kosa hata kidogo, gololi imeshuhudia.

Ningekuwa mimi, ningechukua mojawapo ya sababu hizo nikaenda nayo nyumbani. Zilikuwa sababu nzuri. Gololi alisimama ameegemea ukuta, akizungusha ile gololi kwenye kiganja. Mteremko wa sentimita moja na nusu kwa kila mita ungeyatosha maji. Kila fundi anayejua kazi anajua hivyo. Yeye aliweka tatu. Kwa miaka yote aliweka tatu.

"Nimemjengea bata," akasema polepole. "Sikumjengea Mama."

Akaenda kuchukua tindo.

"Subiri kwanza!" Mshonaji akamzuia mlangoni. "Zimebaki siku kumi na moja. Ukivunja na usimalize, Kaka atakuja akute shimo. Atamchukua Mama siku hiyo hiyo."

"Na nikiacha atakuta nini? Mteremko wa kuvunjia nyonga ya pili."

Wote wawili wakamgeukia Mkunga. Alikuwa ameshajivuta kutoka ukutani.

"Mtoto akikaa vibaya tumboni hugeuzwa," akasema. "Hata kama tumbo linapendeza kwa macho ya watu. Vunja."

Nimewahi kuona watu wakivunja kazi ya mwenzao kwa furaha. Sijawahi kuona mtu akivunja kazi yake mwenyewe, iliyopigiwa makofi dakika kumi nyuma, bila kumlaumu yeyote, bila kunung'unika. Alianza na kigae cha kona, kizuri kuliko vyote.

Siku zilizofuata hakukuwa na watazamaji. Mteremko mkali husamehe makosa. Kigae kikilala vibaya kidogo, maji hukipita kwa kasi. Mteremko mpole hausamehi kitu. Mahali pakibonyea unene wa karatasi iliyokunjwa, maji yanatuama, na bata anarudi. Kwa hiyo Gololi alikuwa anashuka mpaka kwenye hofu yake yenyewe, kigae baada ya kigae, na pimamaji na uzi, anaweka, anatazama akiwa amelaza shavu sakafuni, anang'oa, anaweka tena. Alikuwa akinong'ona maneno yale yale: gololi itembee, kiti kisitembee. Mshonaji anasema siku ya tatu aligundua kwamba anakanyaga cherehani kwa mwendo wa maneno hayo.

Hata kabla ya vigae, alipomaliza kumwaga zege jipya, gololi ilisimama katikati ya safari. Akakwangua akamwaga upya sehemu ile. Hapo hapo akaanza pia jaribio la pili, lile ambalo baadaye alijinunulia kiti chake cha kulifanyia. Mkunga akilala mchana, aliazima kiti. Kwanza alikipakia mfuko wa saruji.

"Mama, samahani," alikuwa amemuuliza, "una kilo ngapi?"

"Kaulize hospitali."

Lakini saruji haijipaki sabuni, haiinui mikono wala haijitikisi. Ndipo mchana mmoja Mshonaji alipofungua mlango akamkuta mtu mzima, suruali imekunjwa, amekaa kwenye kiti katikati ya bafu kavu, macho ameyafumba, anajisugua kichwa kwa kipande cha sabuni kisicho na maji.

"Gololi! Umepatwa na nini?"

"Nyamaza usinitikise. Kiti kinafikiria."

Kiti kilifikiria, kikabaki palepale.

Siku ya tisa vigae vilikuwa vimeshika. Safari hii walikuwepo watatu tu. Gololi aliiachia gololi kwenye kona ya nyuma ya mlango. Ilikwenda kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuoga Jumapili, hana haraka. Kwenye kiungo cha vigae viwili ikasita. Ikapita. Ting, kwa sauti ndogo kuliko mara ya kwanza. Kisha Mkunga akaingia, akaachia vishikio, akainua mikono, akahesabu kwa sauti mpaka mia moja. Magurudumu hayakusogea. Sikusema kitu kuhusu hesabu hiyo mpaka leo, lakini majirani tuliisikia kupitia dirishani, na tulikuwa tukihesabu naye.

Daktari wa meno alifika Jumapili asubuhi. Alisalimia, akateremsha sanduku la mama yake kutoka juu ya kabati, akalisimamisha ukumbini, tayari. Kisha akaenda kuangalia bafu. Alipitisha ncha ya kiatu mahali pale kilipokuwa kizingiti, mara mbili, kama anayetafuta jino lililong'olewa.

"Pazuri," akasema. "Lakini mimi sikuja kuangalia uzuri."

"Wala mimi sikujenga uzuri," Gololi akamjibu.

Mkunga alitoka chumbani kwake kwenye kiti, taulo begani kama asubuhi ile ya mwaka jana, nguo safi mapajani. Akajisukuma kwa mguu mzima, akavuta kishikio, akapita. Magurudumu hayakutoa sauti yoyote pale palipokuwa na tofali. Mlango ukafungwa. Komeo: tak.

Walikaa ukumbini. Maji yakafunguliwa. Mshonaji alishika kitambaa bila kushona. Gololi alikaa sakafuni, ameinamisha kichwa upande wa mlango. Alikuwa akisikiliza mfereji, kama maji yanashuka kwa sauti moja.

Pu! Kitu kikaanguka.

Daktari alikuwa ameshafika mlangoni. "Mama! Mama, umeanguka?"

"Sabuni!"

"Uko salama? Nifungue?"

"Nimesema sabuni. Imeanguka sabuni, sijaanguka mimi. Ninayo nyingine hapa ukutani, fundi ameniwekea kishimo. Mkunga haendi kazini na sabuni moja. Kaa chini!"

Akakaa. Dakika zikaenda. Maji yakaendelea, yakafungwa. Pakawa kimya kirefu cha mtu anayejifuta vizuri, kidole kwa kidole, kwa sababu hakuna anayemsubiri amalize. Halafu komeo.

Alitoka amevaa, nywele zinachuruzika, uso uking'aa kama wa wale aliowaosha yeye siku yao ya kwanza. Hakumtazama mtu. Alijisukuma mpaka kiti kikagonga sanduku.

"Nani kaweka hili njiani?" akauliza. "Hamjui watu huvunjika nyonga kwa vitu kama hivi?"

Mwanawe alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza alikuwa yeye aliyekaa na mdomo wazi. Kisha akainama, akaliinua sanduku, akalirudisha chumbani. Walisikia lilivyokwaruza juu ya kabati likienda mpaka nyuma kabisa, ukutani.

Gololi alikuwa ameshaingia bafuni. Alipiga magoti nyuma ya mlango, akalaza kiganja kwenye kona.

"Unatafuta nini huko?" Mkunga akamwita.

"Bata, Mama."

"Nimeshamtafuta mwenyewe, kona zote nne. Hayupo."